Mtungi wa Bibi Sihaba

Mwaka ule wa 1961, kila siku kabla jua halijapanda juu ya mawe ya Igogo, nilikuwa nimekwisha kuteka debe langu la maji ziwani. Nililibeba kichwani juu ya ngata na kupanda njia ya mawe hadi nyumbani, huku maji yakinidondokea shingoni. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Bibi Sihaba alikuwa akiningoja mlangoni, mkono kiunoni.

“Umechelewa, mke mwenzangu,” alikuwa akisema kwa utani wa bibi na mjukuu. “Hebu nione kama hukuniletea matope.”

Bibi alizaliwa Ujiji, na mtungi wake alikuja nao Mwanza alipoolewa. Kila asubuhi aliuosha, akaufunika kifudifudi juu ya chetezo chenye makaa na ubani mpaka moshi ukaujaa tumboni. Ndipo alipoyachuja maji kwa kitambaa cheupe na kuyamimina humo. Yalikuwa baridi, tena yananukia. Ng’washi, mama aliyeuza dagaa, hakupita mlangoni petu bila kuomba maji. Bibi alijivunia mtungi ule kuliko nyumba yenyewe.

Juu ya mtungi, kwenye msumari, kilining’inia kikombe kidogo cha bati. Baba yangu, Ally Mbaruku, alikuwa fundi bati, na kikombe hicho alimtengenezea mdogo wangu Bilali. Bilali alikuwa amekufa mwaka uliotangulia, na hakuna aliyethubutu kukiondoa kikombe chake. Upepo wa ziwani ulipoingia dirishani, kiligonga ukuta, tik, tik, nami nikasikia sauti: “Dada, maji.”

Sisemi kwamba palikuwa na mzimu. Nasema nilisikia. Nilisikia nikiwa macho, mchana kweupe, na mara nyingine nilisikia darasani, Mwalimu akiwa anaandika ubaoni.

Ilikuwa hivi. Wakati wa masika ya mwaka 1960, nikiwa Darasa la Tatu, Mwalimu Kokushubira alitupa jaribio la somo la afya. Swali moja lilikuwa: utafanyaje ili maji ya kunywa yawe salama? Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri kwamba nitayachemsha mpaka yatokote, nitayaacha yapoe, kisha nitayaweka katika chombo safi chenye mfuniko. Nikapata kumi kwa kumi. Nilikimbia nyumbani nikiwa nimelikumbatia daftari langu kifuani.

Bilali alikuwa ametoka kucheza, jasho likimtiririka. Alikuwa na miaka minne. “Dada, maji,” akasema. Nilichukua kikombe chake, nikachota mtungini, nikampa. Alikunywa yote, akalamba midomo. Baada ya siku tatu alianza kuhara damu. Siku ya tisa tulimzika, na nyumba ikafukizwa ubani, ubani ule ule wa mtungi.

Mtaniuliza: wewe mtoto, si ulikuwa umetoka kuandika jibu muda ule ule? Nilikuwa nimeliandika, lakini sikufikiri kwamba lilihusu nyumba yetu. Kwangu mimi maji machafu yalikuwa yale ya picha iliyobandikwa darasani, bwawa lenye ng’ombe aliyesimama katikati. Maji ya Bibi yalikuwa meupe na yananukia. Siku chache baada ya mazishi nililifungua daftari, nikasoma jibu langu mwenyewe, kisha nikainua macho nikautazama mtungi. Nikalifunga daftari.

Sikumwambia mtu. Ningeanzaje? Kumwambia Bibi kwamba mtungi wake una ugonjwa ni sawa na kumwambia kwamba amemuua mjukuu wake. Na mkono uliochota ulikuwa wa nani? Ulikuwa wangu.

Nilikuwa nimebaki na mdogo mmoja, Mwanaharusi, ambaye Mama alifariki akimzaa. Kila asubuhi, Bibi alipokuwa akifagia uani, nilichemsha maji kidogo katika sufuria, nikayatia chupani, nikaificha chupa nyuma ya gunia la mkaa. Hayo ndiyo niliyomnywesha Mwanaharusi nilipokuwapo. Lakini shuleni nilikaa hadi mchana, na mtoto alikuwa ametimiza miaka mitatu. Alikuwa amejifunza kuunyooshea mtungi kidole.

Masika yalipoingia tena, mitaro ya Igogo ikaanza kuteremsha uchafu wa mlimani hadi pale pale tulipoteka maji. Sikupata usingizi wa raha. Nikakata shauri: nitabaki nyumbani niulinde mtungi. Nikamfuata Baba uani alipokuwa akigonga mabati.

“Baba, nataka kuacha shule.”

Nyundo yake ilisimama hewani. “Umechapwa?”

“Hapana.”

“Kuna aliyekuchokoza?”

“Hapana, Baba. Shule haifundishi kitu cha maana.”

Sikuwa nimesema uongo mtupu. Kumi kwa kumi ilimsaidia nini Bilali?

“Watu wanasema mwaka huu nchi itakuwa yetu,” Baba alisema kwa huzuni. “Ataiendesha nani, mabati haya?”

Bibi alidakia kutoka ndani, “Mwache! Nilisema tangu zamani. Miaka minne anasomeshwa habari za mito ya Ulaya, na wali bado unamwungulia!”

Baba alirudia kugonga mabati kana kwamba hakumsikia mama yake. Lakini kesho yake alipita shuleni kumwona Mwalimu.

Jumamosi iliyofuata Mwanaharusi aliamka akilalamika tumbo. Kufika alasiri alikuwa ameharisha mara tano, amelala mkekani kimya, macho yameingia ndani. Nilimtazama, nikaona macho ya Bilali. Upepo ulikuwa ukivuma kutoka ziwani na kikombe kiligonga ukuta, tik, tik. Bibi alikuwa akimpepea, akisema ni meno ya mwisho yanaota. Nilijua si meno, nikanyamaza.

“Hodi hapa!”

Alikuwa Mwalimu Kokushubira, mama mwembamba kutoka Bukoba, amevaa viatu vyake vyeupe vilivyojaa tope.

“Karibu, Mwalimu,” Bibi alisema.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Kaa hapa. Ukiona kimya, tunauguza.”

Nyumbani petu mgeni alikunywa maji kwanza, mazungumzo yakafuata. Kuyakataa kulikuwa kama kusema nyumba ni chafu. Bibi alichota mtungini, akamletea Mwalimu glasi juu ya sinia. Mwalimu aliitazama glasi. Mimi nilimtazama yeye, kwa maana ndiye aliyetuchorea ubaoni sufuria inayotokota. Nilingoja aseme neno. Alitabasamu, akasema, “Ahsante, Bibi,” akaiinua.

Wakati huo huo Bibi alinyoosha mkono, akakitungua kikombe cha Bilali msumarini. “Ngoja na huyu nimpe ya baridi,” alisema. “Tumbo litatulia.”

Mwanaharusi alifumbua macho. Hakumtazama Bibi, alinitazama mimi.

“Dada, maji.”

Maneno yale yale, sauti ile ile. Sijui nilivyoinuka. Nilikipiga kikombe kikaruka kutoka mkononi mwa Bibi, kikagonga ukuta na kubonyea, maji yakamwagika mkekani.

“Asinywe!” nilipiga kelele. “Mwalimu, na wewe usinywe!”

“Moza!” Bibi alisema. “Umepagawa? Mbele ya mgeni!”

“Hayajachemshwa, Bibi. Bilali alikunywa maji haya. Nilimpa mimi.”

Mwalimu aliirudisha glasi kwenye sinia, imejaa vile vile.

“Mtungi wangu nauosha kila siku ya Mungu,” Bibi alisema taratibu. “Naufukiza. Mtaa mzima unajua. Mwalimu, mwambie mtoto huyu.”

“Bibi, ubani unaleta harufu nzuri, lakini hauui vijidudu. Na kitambaa kinazuia takataka, vijidudu vinapita. Moza anasema kweli.”

“Mbona na wewe ulitaka kuyanywa?”

Mwalimu aliinamisha kichwa. “Nilijua, Bibi. Niliona haya kuikataa glasi yako.”

Bibi alinigeukia. Sijawahi kuogopa uso wa mtu kama nilivyouogopa uso ule. “Na wewe, siku ile ulijua?”

“Nilikuwa nimeandika, Bibi. Nilipata kumi kwa kumi. Lakini sikufikiri ni maji yetu. Nilipofahamu, alikuwa amekwisha kuzikwa.”

“Kwa hiyo ukakaa nayo mwaka mzima.” Bibi alikaa chini. “Mtoto ana elimu, bibi hana, na wote wawili tunazika. Basi ni mimi niliyemuua mjukuu wangu?”

Mwalimu alipiga magoti mkekani kando yake. “Bibi, sitakudanganya. Hakuna anayeweza kujua Bilali aliupata wapi ugonjwa. Watoto wanaoga ziwani, wanayameza maji, wanakula bila kunawa. Huenda ni mtungi, huenda si mtungi. Lakini huyu bado yuko hai. Tusikae hapa kumlilia.”

Baba alikuwa amesimama mlangoni, nyundo mkononi. Sijui alisikia kuanzia wapi. Alimfunga Mwanaharusi kwa khanga mbili kifuani pake, akapanda baiskeli, akaelekea hospitali kwenye mvua iliyokuwa ikianza. Mwalimu alivua viatu vyake, akawasha jiko, akachemsha maji ya kunyweshwa mgonjwa. Mimi nilibeba birika, tukamfuata.

Mwanaharusi alilazwa siku nne. Siku zote hizo Bibi hakuniambia neno. Alipika, akapeleka uji hospitali, akarudi. Mtungi ulikaa kifudifudi pembeni bila tone la maji, na kikombe kilichobonyea kililala pale kilipoanguka. Nilidhani hatanisamehe mpaka anaingia kaburini. Na sauti ya Bilali niliisikia zaidi, ingawa kikombe hakikuwa tena ukutani.

Siku ya tano Baba alirudi na Mwanaharusi, amekonda, anadai andazi. Mwalimu alifuatana nao. Bibi alimpakata mtoto, akamnusa nywele, akalia kwa kwikwi mbele yetu wote. Halafu akajifuta uso kwa upande wa khanga.

“Moza, lete hilo daftari.”

Nilileta. Aliniamuru nisome, nikasoma lile jibu. Bibi hakujua kusoma. Aliweka kidole chake juu ya alama iliyoandikwa kwa wino mwekundu.

“Hii ndiyo hiyo kumi?”

“Ndiyo, Bibi.”

“Bibi, kumi hiyo niliitoa mapema,” Mwalimu alisema. “Nilisahihisha daftari, sikuuliza maji yanayonywewa nyumbani. Niliridhika wakijibu vizuri mbele ya mkaguzi.”

Bibi alitikisa kichwa. Alininyooshea mkono nikakae karibu naye.

“Nisikilize, mjukuu wangu. Mimi nilisema shule haifundishi kitu. Nilikosea, tena nilikosea kwa sauti kubwa. Ilikufundisha jambo ambalo mimi na uzee wangu sikulijua. Lakini wewe ulilifungia daftarini, kisha ukalifungia moyoni, likakutafuna peke yako. Ungeniambia, ningekukaripia. Pengine ningekuzaba kofi. Kofi linapoa, Moza. Mtoto haoti tena. Mwenye kujua akinyamaza, na asiyejua akajivuna, anayeumia ni mdogo asiye na kosa. Kuanzia leo ukitoka shule, kabla hujavua sare, kaa hapa unifundishe ulichofundishwa. Nikibisha, nibishie kwa adabu mpaka nielewe. Na shule huachi.”

“Sawa, Bibi,” nilisema, nikamlalia mapajani nikalia machozi niliyoyaweka mwaka mzima.

Wiki ile Baba alituundia birika kubwa la bati lenye mfuniko, la kuchemshia maji. Bibi aliyachemsha yakatokota, akayaacha yapoe, ndipo akayamimina mtungini. Ubani hakuuacha. “Harufu haina kosa,” alisema. Ng’washi alikunywa, akaulizia lile birika, Bibi akamweleza habari yote bila kuona haya. “Kumbe siku hizi maji yako yamekwenda shule!” Ng’washi alisema akicheka. Naye akaenda kuchemsha ya kwake. Mwalimu Kokushubira tangu hapo hakutoa alama ya somo la afya mpaka mwanafunzi aeleze alilolifanya nyumbani, na wengine tuliona alama zetu zikishuka.

Kikombe Baba alikinyoosha kwa nyundo, kikabaki na kovu ubavuni. Bibi hakukirudisha msumarini. Alimpa Mwanaharusi, na siku ya uhuru mwezi wa Desemba, watu wakipiga vigelegele barabarani, mtoto huyo alikunywa maji kwa kikombe kile mabegani mwa Baba.

Msumari umebaki mtupu. Hata hivyo, upepo wa ziwani ukivuma, mimi bado nasikia, “Dada, maji.” Sijui kama sauti hiyo itakuja kuniacha. Siku hizi siikimbii. Naweka birika jikoni, nakoleza mkaa, namjibu polepole: ngoja yapoe, Bilali.