Mgeni Aliyekuja na Mashine

Wanaume wote sita walikuwa barazani wanakula ndizi na nyama, lakini hodi ilipigwa karakanani.

Mwantum alikuwa jikoni, mkono mmoja kwenye mwiko, mwingine unapunga moshi. Ilikuwa hodi ya heshima, ya taratibu, ya mtu aliyekwisha kuvua viatu. Bila kugeuka akajibu kama alivyojibu maisha yake yote: "Karibu, karibu ndani, kwenu hapa!" Akangoja mtu atokee. Hakutokea mtu. Ndipo akakumbuka kuwa karakanani hakukuwa na kitu ila ile mashine, iliyoingia nusu saa tu iliyopita.

Msimlaumu jamani. Mwantum alilelewa na bibi aliyetoka Kilwa akaja Tukuyu na mikeka yake na adabu zake zote, na kwa bibi yule kuacha hodi bila jibu lilikuwa kosa la kuchapwa. Mpaka leo Mwantum alipiga hodi hata mlangoni kwake mwenyewe, nyumba ikiwa tupu. Mtaa mzima wa Bulyaga ulimtania mpaka ukachoka.

Mwaka ule mashirika ya umma yalikuwa yanauzwa moja moja, mpaka viti na mapangaboi. Mumewe, fundi Hasheem, alikuwa amechonga vyuma uani kwake miaka kumi na miwili, kwa tupa na msumeno tu. Aliposikia kuna karakana ya shirika lililofilisika, njia ya Kawetele, inauza mashine ya kuchongea vyuma, usingizi ukamwisha. Alirudi kutoka huko anacheka peke yake. Jambo moja tu lilimkera: mtunza stoo, Mzee Asajile, alimkabidhi funguo za mashine kwa mkono wa kushoto.

"Kwa kushoto, Mama Shamimu! Wa kulia kauficha mfukoni mwa koti, hautoi hata kidogo."

"Hukumuuliza?"

"Nimuulize nini? Huenda ni kilema. Ni adabu gani hiyo?"

Basi adabu ikamziba mdomo Hasheem, kama ilivyoufungua wa mkewe. Mashine ikaja kwa lori la kukodi la Ezron mpaka nyuma ya ua. Mlango wa karakana ulikuwa mdogo, ikabidi ukuta ubomolewe, wanaume wakaisukuma ndani juu ya magogo ya migomba yaliyoteleza kwa utomvu. Wakaenda kula. Jioni matofali yakarudishwa mahali pake.

Siku ya tatu, saa nane mchana, ukungu ukashuka wote kwa pamoja kama unavyoshuka Tukuyu, na Mwantum akasikia chuma kinakata chuma. Krrr. Kimya. Krrr. Hasheem alikuwa sokoni. Umeme wa mashine ulikuwa haujaungwa, waya wa mota umetundikwa ukutani kwenye msumari, na Mwantum aliuona pale pale alipofungua mlango. Sauti ikakatika. Kulikuwa na harufu ya mafuta ya moto, na chini yake harufu ya udi, udi mzuri wa bei. Juu ya meza ya mashine makapi ya chuma yalikuwa yamejiviringa, bado yanafuka, na katikati yake kimelala kidole gumba cha chuma, chenye kucha na mikunjo ya ngozi.

Ungetegemea Hasheem aogope aliporudi. Wapi! Alikigeuza kwenye mwanga dirishani, machozi yakimlengalenga.

"Hakuna hata alama ya kisu," alinong'ona. "Mimi nikifanya kazi miaka hamsini siwezi hii."

"Kitupe, Baba Shamimu. Nakuomba."

Hakukitupa. Usiku ule kidole gumba chake cha mkono wa kulia kikapoa na kukakamaa. Kesho yake saa nane ukungu ukashuka, krrr, na mezani pakawa na kidole cha shahada. Cha Hasheem nacho kikafa. Siku ya nne ya mashine kukata, Mwantum alikuwa anamlisha mumewe kijiko kwa kijiko, na Shamimu, binti yao wa miaka saba, akiwatazama. Hapo Mwantum akalia waziwazi. Fundi bila mkono wa kulia ni nini? Nyumba ile yote ilikuwa imesimama juu ya vidole vile vitano.

Siku ya tano, baada ya kidole cha mwisho kupatikana mezani, Bi Rahma akaletwa kutoka Makandana. Huyu alikuwa muuza maandazi, na majini aliyajua kama alivyojua unga. Aliingia akilalamikia matope, kisha akanusa mlangoni pa karakana.

"Nani alimkaribisha?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mimi, bibi. Sikujua."

"Basi ni wewe utakayemsindikiza. Mimi nikimwambia aondoke atanicheka, hakuja kwangu. Bomoeni ukuta, atoke alikoingilia. Umpeleke mpaka kule alikotoka, na kila alichokichonga umrudishie. Vyote, mwanangu. Usiseme neno njiani, usigeuke. Na humu ndani asibaki mtu mpaka urudi. Leo ni vidole. Akizoea, atataka mwili mzima."

Ukuta ukabomolewa. Shamimu akapelekwa kwa jirani. Hasheem mwenyewe akavifunga vile vidole kwenye kitambaa, kwa mkono wa kushoto na meno, akamkabidhi mkewe bila kumtazama usoni. Mwantum akadhani ni aibu.

Akasimama kwenye lile pengo la ukuta, akatoka, na hatua zikatoka nyuma yake.

Zilikuwa hatua za miguu mitupu, za taratibu, zisizoharakisha wala kuchelewa, na mvua iliyokuwa inanyesha juu ya kanga yake haikusikika ikinyesha huko nyuma, na ile harufu ya udi ilikuja ikimgusa shingoni kila alipopunguza mwendo, naye akaongeza mwendo, nazo zikaongeza, mpaka akawa hajui kama ni yeye anayemsindikiza mgeni au ni mgeni anayemswaga yeye kwenye ukungu, na pale penye mashamba ya chai akakutana na Tusekile, jirani yao mwingine, ametua mkungu wa ndizi kupumzika, mwanamke mchangamfu asiyempita mtu bila salamu, naye akamsalimu kwa Kinyakyusa, "Ugonile, Mama Shamimu," kisha akaangaza macho juu ya bega la Mwantum, juu sana, akainama kwa heshima na kuongeza, "Na wewe mgeni, karibu kwetu," na Mwantum akauma ulimi mpaka akaonja damu, asijibu, akapita.

Karakana ya shirika ilikuwa wazi, tupu, ikivuja. Akaweka kitambaa kizingitini. Nyuma yake fundo likafunguka lenyewe, na sauti ile ile ya adabu ikaanza kuhesabu, polepole.

"Moja. Mbili. Tatu. Nne."

Kimya. Mwantum alingoja kidogo. Hatua hazikusikika tena, wala udi. Kwa hofu hata hakuikumbuka ya tano; akaona yamekwisha, akakimbia, kanga ikimponyoka, matope yakimrukia hadi magotini, akimshukuru Mungu kwa kila neno alilolijua.

Hasheem alikuwa barazani peke yake, analia na kucheka. Aliuinua mkono wa kulia. "Tazama, Mama Shamimu! Tazama!" Kidole gumba kikakunjika. Cha shahada. Cha kati. Cha pete.

"Na kidogo?"

"Kitafuata tu," alisema upesi.

Mwantum akaubusu mkono ule, akajifuta uso. Furaha ilimjaa mpaka akasahau baridi. Akaenda mlangoni, akavua viatu, na kama alivyofanya kila siku ya maisha yake akasema, "Hodi!"

"Karibu," ikajibu sauti kutoka ndani, ya taratibu, ya heshima kabisa. "Karibu ndani, kwenu hapa."

Mwantum hakuingia. Aligeuka polepole kumtazama mumewe. Mkono wa kushoto wa Hasheem ulikuwa umezama kwenye mfuko wa shati, kama ule wa Mzee Asajile kwenye koti, umeshika kitu kidogo.

"Kimoja tu," alinong'ona. "Kile kidogo. Nilitaka nijifunze alivyokichonga."

"Kitoe! Kitoe haraka, Hasheem!"

Karakanani mashine ikaanza kukata. Hasheem akavuta mkono wa kushoto, akavuta tena, akausaidia kwa wa kulia, lakini mfukoni haukutoka.