Kikombe Alichokosa Mbodze

"Keti!"

"Rai, jina langu limeitwa."

"Nimesema keti. Shati langu limefikaje mwilini mwa Kivuva?"

Mbodze akabaki hakusimama wala hakuketi, mkono umebanwa na mumewe. Ilikuwa alasiri, mwaka wa kwanza wa uhuru, na madirisha ya ukumbi wa Kwale yamezibwa mablanketi ili sinema zinazoshindania vikombe zionekane. Ya Mbodze ndiyo kwanza imekwisha. Yeye, mke wa mkulima wa Bongwe, hajui hata kuandika jina lake, amemlilia humo mume aliyekufa mpaka wanaume wazima wakapenga kamasi. Mume huyo wa sinema alikuwa Kivuva, Mkamba aliyehamia mashamba mapya ya serikali. Naye alilala maiti ndani ya shati la Rai, lile la buluu lenye kiraka begani. Kiraka alikishona Mbodze mwenyewe.

"Mchezaji bora wa kike, Bi Mbodze wa Rai!" mkubwa wa sherehe akaita mara ya pili.

"Nitakueleza nyumbani, mume wangu. Watu wanatutazama."

"Ukipanda pale, Bongwe usirudi."

Akaketi.

Mkubwa akatazama saa yake. "Hayuko? Basi apewe wa pili."

Akapewa Dama, aliyecheza muuguzi. Hata dakika mbili hawakumngojea! Angekuwa mke wa mmoja wao, wangengoja mpaka mvua za vuli. Lakini wakubwa ndivyo walivyo: mnyonge akichelewa, hayuko.

Nyumbani, Rai hakuvua hata viatu.

"Sema. Shati ulimpa lini? Na alilivulia wapi?"

"Miaka tisa twalala kitanda kimoja, na hilo ndilo swali lako?"

"Ndilo."

"Basi sina jibu lake."

Akafunga leso zake, akaenda Kikoneni kwa kaka yake, Mramba.

Miezi saba Rai alikula sima mbichi kwa kitoweo cha kiburi. Siku moja akakutana na Kivuva hotelini Ukunda, kwenye chai.

"Wewe Rai, mbona salamu yangu huitikii?"

"Niitikie salamu ya mwizi wa wake za watu?"

Kivuva akacheka, kisha akaona mwenzake hafanyi mzaha.

"Ngoja. Ni ile shati? Bwana, mke wako alishindwa kulia siku mbili nzima! Wale wa kamera wakamfokea, wakataka kumfukuza. Akasema, huyu simjui, nitamlilia vipi? Akaleta shati yako, akaniambia vaa. Akanifunika uso na leso, akaangalia shati tu. Hakunililia mimi, Rai. Alikulilia wewe."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza?"

Jioni ile ile Rai alikuwa Kikoneni.

"Ala, shemeji! Umepotea njia?" Mramba akamkejeli, akampisha.

Mbodze alikuwa akimenya muhogo.

"Mke wangu, nimekosa. Sasa najua habari ya shati."

"Nani kakwambia?"

"Kivuva."

Mbodze akaweka kisu chini.

"Kumbe Kivuva waweza kumwamini."

Rai hakujua auweke wapi uso wake.

"Rudi, Mbodze. Nakuomba."

"Nitarudi. Kukuacha sikujui."

Akarudi kweli. Mwaka uliofuata watu wa sinema wakaja tena, wakapiga kambi Msambweni, wakamtaka yeye na si mwingine. Safari hii Rai ndiye aliyehangaika.

"Nenda, mama. Nitakusindikiza mwenyewe. Na kikombe ukikipata, nitakupigia vigelegele kama mwanamke!"

Mbodze akacheka. "Niende nikafanye nini?"

"Ukalie kama siku ile."

"Siku ile nilikuwa na mume niliyeogopa kumkosa."

"Na sasa?"

"Sasa nilishamkosa miezi saba, nikaona sikufa."

Alisema kwa upole, kisha akamwandalia chakula. Watu wa sinema wakaondoka na mwanamke mwingine. Walipendana, Mbodze na Rai, walipendana hasa, mpaka siku Rai alipomzika. Lakini chozi la mkewe hakuliona tena, hata kwenye msiba wa mamake Mbodze.