Onyo Jekundu Kwenye Flashi ya Tsongo

Kila Ijumaa kabla ya kengele, Rusi alifungua chumba cha kompyuta cha shule yao huko Bwera, akafuta vumbi na kuwasha mashine moja baada ya nyingine. Alikuwa darasa la saba, kiongozi wa klabu ya kompyuta, na kazi hiyo aliipenda. Lakini Ijumaa hii alikuwa na furaha ya pekee. Kwaya ya shule ilikuwa imechaguliwa kusikika redioni mjini Kasese! Mkuu wa shule alikuwa apeleke nyimbo asubuhi hiyo kwa gari lake, na Rusi ndiye aliyetakiwa kuzinakili kwenye sidii.

Tsongo, mpiga ngoma wa kwaya, aliingia mbio akiwa na flashi mkononi. Jana yake alirekodi nyimbo kwa simu ya kaka yake, kisha akaenda kwenye duka moja karibu na mpaka wa Mpondwe, wakamhamishia nyimbo kwenye flashi hiyo.

"Chomeka haraka, Rusi! Mkuu ameshawasha gari!"

Rusi akaichomeka. Mara kompyuta ikalia, na kisanduku chekundu kikajitokeza. Antivairasi, programu ya kuzuia virusi, ilisema imekamata faili hatari kwenye flashi. Chini yake kulikuwa na vitufe viwili: Futa na Puuza.

"Bonyeza Puuza!" alisema Tsongo. "Hii kitu iko inapiga kelele bure. Wiki jana si ilisema ule mchezo wa kujifunza kuchapa una virusi? Mwalimu Vasta akasema si kweli."

Ilikuwa kweli. Kidole cha Rusi kikasogea kwenye kitufe. Nje, wanakwaya walikuwa wakishangilia kando ya gari. Kisha akakumbuka jinsi Mwalimu Vasta, mlezi wa klabu yao, alivyofanya siku ile. Hakukisia. Aliwaandikia waliotengeneza mchezo, nao wakamjibu kwamba onyo lilikosea. Lakini flashi hii, nani alijua imepitia kwenye kompyuta za nani?

"Ngoja," alisema. "Wewe uliipa folda yako jina gani?"

"Kwaya."

"Soma hapa. Iliyokamatwa inaitwa Kwaya, lakini mwishoni ina herufi e-x-e. Hizo ni za programu. Folda haina herufi hizo, wala wimbo hauna."

"Labda yule mtu wa duka ndiye aliandika hivyo."

"Na ukubwa je? Hii ni ndogo mno. Hata wimbo mmoja hauwezi kuenea humu."

Honi ikalia uwanjani.

"Ukibonyeza Futa, nyimbo zetu zitapotea!" alisema Tsongo, machozi yakimlengalenga.

"Sibonyezi chochote. Kimbia ukamwite Mwalimu Vasta!"

Mwalimu alikuja akihema. Alisoma onyo, akachomoa flashi na kuipima kwenye kompyuta yake ya mkononi, iliyokuwa na antivairasi ya aina nyingine. Nayo ikalia vilevile!

"Zote mbili zimekamata kitu kimoja," alisema. "Hii si kengele ya uongo. Virusi hivi huificha folda yako, halafu vinajivika jina lake na picha yake. Anayeifungua akidhani ni nyimbo, anaviachia kwenye mashine."

"Kwa hiyo nyimbo bado zipo?" aliuliza Rusi.

"Tuone."

Mwalimu akaondoa virusi, kisha akaiamuru kompyuta ionyeshe vilivyofichwa. Polepole ikatokea folda yenye rangi hafifu: Kwaya. Rusi akabonyeza. Ngoma ya Tsongo ikadunda, na sauti za wenzao zikajaa chumbani.

"Zipo! Zipo!" Tsongo aliruka hadi akapiga goti kwenye meza, wala hakusikia maumivu.

Sidii ikaandikwa haraka, Rusi akaikimbiza hadi kwenye dirisha la gari la mkuu, na gari likatoka likiacha vumbi na vifijo. Jumapili baada ya ibada, klabu na kwaya walijazana nyumbani kwa Mwalimu Vasta kusikiliza redio. Wimbo ulipoanza, hakuna aliyebaki ameketi.

Walipotulia, Tsongo aliuliza, "Mwalimu, na kama onyo lingekuwa la uongo kama lile la kwanza?"

"Tungechelewa kidogo tu," alijibu. "Onyo likikosea mara moja, hiyo si ruhusa ya kulipuuza siku zote. Wala msifute kila kitu kwa woga. Chunguzeni, na msipojua, ulizeni. Rusi alikuwa na haraka kama sisi sote, lakini alisimama akasoma. Ndiyo maana kompyuta zetu ni nzima, na za redio pia. Na wewe Tsongo, kesho twende wote kwa yule mwenye duka. Hajui kwamba mashine yake inaambukiza flashi za watu."