Mama Mdogo Alikuwa Anaongea na Kamera

"Msaliti ndiye huyu!"

Wanawake wote pale getini wakamgeukia mama mdogo. Mmoja akamvua kofia ya kazi, akaitupa chini.

Na mimi? Nilikuwa hatua tano tu kutoka pale, nimeshika faili, natazama tu.

Jamani... msaliti nilikuwa mimi.

Naandika haya kwa aibu, kwa hiyo msinihurumie.

Mama mdogo ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Miaka ishirini anachambua taka. Akiiminya chupa mara moja tu, anajua ni plastiki ya aina gani. Kiwandani yeye na wenzake kumi na tano walikuwa wakisimama kando ya mkanda wa mashine, taka zinapita juu yake, mikono inaokota. Msimamizi wao, mimi.

Siku moja meneja akaniita.

"Tunafunga kamera juu ya mkanda. Mashine ijifunze wanavyochambua."

"Ikishajua?"

"Hatutawahitaji tena. Wewe utabaki na mashine. Waambie kamera ni za usalama."

Nikawaambia hivyo hivyo, bila hata kupepesa macho. Tena nikamwomba mama mdogo asimame pale kamera inapoona vizuri, aokote polepole, ataje kila kitu kwa sauti.

"Hii ngumu. Hii laini. Hii ina mafuta, weka kando."

Miezi mitatu! Wenzake wakamtania eti siku hizi ni mwalimu.

Basi asubuhi ile tangazo likabandikwa getini: wachambuaji wote kumi na sita, kazi imekwisha. Nani alikuwa akiongea na kamera kila siku? Wakamrukia yeye.

Jioni nikamfuata nyumbani. Nilimkuta anafua ovaroli, eti airudishe kiwandani ikiwa safi.

"Mama, ni mimi. Nilijua tangu mwanzo."

"Najua."

"Unajua?"

"Usalama gani huo wa kutaja aina za chupa? Nilijua siku ya kwanza."

Nikachuchumaa kando ya beseni.

"Kwa nini hukusema?"

"Kila asubuhi nilisema leo mwanangu ataniambia, tuwaite wenzetu, tukamwone meneja mapema. Nikakusubiri. Ningewaambiaje bila kukutaja wewe?"

Nililia pale pale kwenye beseni la nguo.

Kesho yake nikaacha kazi, nikaenda kwa yule mwanamke aliyemvua kofia. Nikamweleza yote, nikidhani namsafisha mama mdogo.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza taratibu:

"Kwa hiyo alijua miezi mitatu... akatunyamazia kwa ajili yako?"

Akafunga mlango.

Ndugu zangu, ukiwa na jambo la kusema, liseme mapema. Mimi nilichelewa, na anayenipenda akalazimika kuchagua kati yangu na wenzake. Alinichagua mimi. Sasa hana mtu wa kumpa hata salamu.