Koti Lililoachwa Kinuni

Asubuhi ya baridi kila kinachopumua hutoa mvuke. Ng'ombe hutoa, mtu hutoa, hata mavi ya kuku yakiwa mapya hutoa. Mbwa ambaye Zulfo alimrudisha nyumbani asubuhi ile ya theluji ya kwanza alikaa uani, ulimi nje, akihema kama aliyekimbia mlima mzima, na mbele ya mdomo wake hapakuwa na kitu.

Aliyeona ni Mevla, mkewe Zulfo, akitoka kukamua. Akasimama na ndoo yake.

"Zulfo, huyu ni Gara?"

"Si unamwona? Mweusi, ana ndevu kama shehe, sikio limechanika. Unataka akuonyeshe kitambulisho?"

Mevla akaweka ndoo chini. Mwanamume akijibu kwa kejeli kabla ya kunywa kahawa, jua ana jambo.

Na jambo alikuwa nalo. Zulfo alikuwa amehamia ukweni. Kwao bondeni ndugu walikuwa wengi na shamba lilikuwa kama leso, basi alipomwoa Mevla akapanda mlima kuja kuishi kwa mzee Hasib, baba mkwe, na mto wa kulalia na suruali mbili. Huku kwetu Bosnia mwanamume wa namna hiyo hatukanwi. Anaulizwa maswali. "Zulfo, leo umeruhusiwa kutoka?" "Zulfo, jogoo wa kwenu anawika kwa idhini ya nani?" Hodari wa maswali hayo alikuwa Bechir, mkubwa wa wawindaji, mtu mwenye mdomo mpana na ubongo mwembamba.

Watu huanza kuwinda na mbwa kwa sababu nyingi. Huyu kazaliwa kwenye nyumba yenye mbwa wa kuwinda. Yule nguruwe mwitu wamemfukulia viazi. Sisi nguruwe hatumli, lakini yeye viazi vyetu anavila bila kuuliza dini. Zulfo alianza ili Bechir afunge mdomo. Mzee Hasib hakuwa na mtoto wa kiume, ila alikuwa na Gara, na kwa ajili ya mbwa yule hata watu wa bonde la pili walimwamkia kwanza. Kifua kilipomlemea asiweze tena kupanda, alimkabidhi Zulfo bunduki na kamba ya Gara mbele ya watu wote.

"Mwanangu," alisema, "mbwa hawindi peke yake. Yeye anatafuta, anakuletea, wewe unamaliza. Akikuletea, usimwache."

Siku hiyohiyo Zulfo alimwacha. Wawindaji walimweka Zulfo chini ya mwaloni mkubwa, juu kabisa mlimani, angoje. Ukungu ukashuka. Gara akamwibua nguruwe dume na kumleta moja kwa moja hadi alipo mwenye bunduki, kama alivyofundishwa. Zulfo alipoona lile dubwana linatoka kwenye ukungu na meno yake, bunduki ikamtoka mkononi, akapanda mwaloni kama paka. Gara akabaki chini kati ya mti na nguruwe, akipigana, kila mara akitazama juu. Nguruwe akampasua mguu. Na Zulfo kule juu akampigia mbwa kelele, maneno ambayo aliomba Mungu yasiwe na shahidi.

Mbwa na nguruwe walipopotelea mbele, alishuka, akaokota bunduki, akawaambia wenzake ati mbwa amepotea ukunguni.

"Basi mwachie koti," Bechir akamwambia. "Au hilo nalo la mkeo?"

Desturi yetu ni hiyo. Mbwa akipotea, unavua koti lako, unalitandika palepale alipoachana nawe. Yeye atarudi kwa nyayo zake mwenyewe, akute harufu yako, alale juu yake akingoja. Alfajiri unakwenda kumchukua. Lakini Zulfo hakuthubutu kurudi mwaloni, na nguruwe yupo na giza linaingia. Alishuka hadi kinu kibovu cha kusagia unga kwa maji ya mto, pale karibu na barabara, akalitupa koti mlangoni, haraka, bila hata bismillahi. Kila mtoto wa kwetu anajua ni viumbe gani hukaa kwenye kinu kisichosaga tena. Zulfo naye alijua. Ila alimwogopa nguruwe zaidi.

Asubuhi akakuta mbwa amelala juu ya koti. Kwa furaha hakutazama mguu. Ule mguu haukuwa na jeraha lolote.

Mbwa yule hakula. Nyama aliyowekewa ilibadilika rangi hadi paka akaikimbia. Mbwa wawili wadogo wa mzee walichimba chini ya uzio wakaenda kulala kwa jirani, wasirudi hata kwa mfupa. Koti mbwa yule alilivuta mwenyewe kwa meno hadi zizini, chini ya nyumba, na ukitaka kulichukua habweki wala hangurumi. Anakutazama tu, mpaka unakumbuka una kazi kwingine. Kisha harufu ikaanza. Unga uliovunda, maji yaliyolala. Ikaingia kwenye maziwa, ikaingia kwenye mkate, Mevla akafukiza kila chumba kwa moshi wa mreteni, mti wa harufu kali, na harufu ikakaa palepale kama mgeni asiyejua kuaga.

Jioni moja, adhana ya magharibi ilipokwisha, wamekaa watatu kando ya jiko la kuni, walimsikia mbwa akibweka chini ya sakafu. Mzee Hasib aliinua kichwa.

"Ameshika njia," akasema taratibu. "Hiyo ni sauti ya kufuata nyayo za moto, nyayo mbichi."

"Zizini, baba?" Mevla akanong'ona. "Anafuata nyayo za nani zizini?"

Sauti ilizunguka chini ya mbao, ikapita chini ya jiko, chini ya kitanda, ikaja hadi chini ya kigoda cha Zulfo, na Zulfo akainuka kama mtu anayetaka kuongeza kuni, akahamia dirishani, na sauti ikahamia dirishani, akahamia mlangoni, nayo ikaja mlangoni, polepole, bila kukosea hata ubao mmoja, kama mbwa mzuri anavyomfuata sungura aliyechoka, hadi alipokuwa amebanwa kwenye kona ya vyombo hana pa kwenda, na hapo mbweko ukabadilika, ukawa mfupi, mzito, wa mahali pamoja, na mzee Hasib, aliyeusikia mbweko huo maisha yake yote na kuupenda, akaweka kikombe chini.

"Amemsimamisha mnyama," alisema. "Anamwita mwenye bunduki."

Kisha mbweko ukakatika, na kutoka chini ya miguu ya Zulfo ikaja sauti ya Zulfo mwenyewe, nyembamba, inayolia:

"Nenda huko! Usiniletee mimi! Mpeleke kwa mwingine, akuue wewe!"

Hakuna aliyegusa kahawa.

"Siyo mimi," Zulfo akasema.

"Najua si wewe, mdomo wako nauona umefunga," mzee akajibu. "Lakini sauti ni yako. Maneno hayo ulimwambia nani?"

"Shetani huigiza watu, baba."

"Huigiza, ndiyo. Hatungi."

Kesho yake mchana Mevla alimleta Derva, kikongwe anayemwagia watu risasi iliyoyeyushwa kuondoa hofu. Mwanamke mfupi, ana masizi vidoleni, hapendi maneno mengi. Alimketisha Zulfo, akamfunika kitambaa chekundu kichwani, akayeyusha gololi ya bunduki ya mzee kwenye kijiko, akaimwaga ndani ya bakuli la maji juu ya utosi wake. Maji yalilia paa! Derva akaitoa, akaigeuzageuza mwangani.

"Koti," akasema. "Na koti lina mwili ndani. Mwanangu, ulilitandika wapi?"

"Palipostahili."

"Nimekuuliza wapi."

"Pale mbwa aliponiacha." Uso wake chini ya kitambaa ulikuwa mwekundu kuliko kitambaa.

Mevla akamtazama mumewe kwa namna ya kumwombea. Mzee Hasib alitazama dirishani ili asimwaibishe.

"Haya," Derva akasema, akifunga vitu vyake. "Kilichopo zizini hakikuvunja mlango, kimetandikiwa. Kimelala mahali pa mwingine, na mwenye mahali anangoja mpaka sasa. Aliyetandika vibaya alichukue koti kwa mkono wake, aseme mbele ya watu wa nyumba alichofanya, alipeleke panapotakiwa. Leo. Mimi nina dawa ya hofu. Ya mwongo sina." Hata kahawa hakunywa, na kwetu mtu akikataa kahawa yako amekuvua nguo.

Ungedhani sasa mtu atasema. Zulfo alipasua kuni. Alipasua kuni za mwezi mzima, jasho linamtoka kwenye theluji, na kila gogo akijiambia: likipasuka hili nitasema. Alimwona Bechir kichwani mwake, anacheka. Alimwona mzee akimpa ile kamba mbele ya watu. Usiku ukaingia, akalala na siri yake rohoni, na chini ya kitanda chao kitu kilihema hadi kukapambazuka.

Alfajiri mzee Hasib alitandika msala, Zulfo akasimama kando yake, kama kila siku. Walipotoka kwenye sijida, Zulfo alihisi manyoya mabichi yanagusa goti lake. Mbwa alikuwa ndani. Ndani ya nyumba, ambako huku kwetu mbwa hatii mguu, amekaa safuni upande wa pili wake, amenyooka, anatazama kibla, na koti limetandikwa mbele yake kama msala. Akageuza kichwa polepole kumtazama Zulfo, na macho hayakuwa ya mbwa, wala hayakuwa na hasira. Yalikuwa yanangoja tu, kama ya jirani anayejua siri yako na ana nafasi siku nzima. Mdomo ukaanza kufunguka.

Zulfo hakuungoja useme.

"Nilipanda mti!" akapiga kelele. "Baba, alinijia na nguruwe, nikapanda mti! Alinitazama nikamwambia akafe! Koti sikulipeleka, niliogopa, nililitupa kinuni!" Alilia kamasi zikamtoka, mtu mzima, mbele ya mkewe aliyesimama mlangoni na nguo ya kulalia. "Yuko mwaloni. Kama yupo, yuko mwaloni."

Walipotazama tena, mbwa hakuwapo, koti lilikuwa tupu. Limeloa, limejaa unga wa kijivu, na harufu ile ikatoka nyumbani mara moja kana kwamba mtu amefungua dirisha.

Mzee Hasib aliinuka msalani. Alivaa viatu. Kifua chake kilikuwa kinapiga filimbi, Mevla akamshika mkono, mzee akautoa. Walipanda wawili, Zulfo mbele na koti begani, mzee nyuma akisimama kila baada ya miti michache, na Zulfo akitaka kumngoja anaambiwa, "Nenda."

Chini ya mwaloni, mahali alipokuwa amesimama Zulfo siku ile, theluji ilikuwa imeyeyuka duara dogo. Gara alikuwamo, amejikunja, mguu umevimba, pua imeelekea njia inayotoka kijijini. Chini ya kidevu ameweka kofia ya Zulfo iliyoanguka wakati anapanda. Hakuinua kichwa, wala hakupumua tena.

Zulfo alipiga magoti, akamfunika koti. Akaanza kusema kwamba labda alikufa usiku uleule wa kwanza, kwa jeraha, kwamba labda hata wangekuja mapema wasingemkuta hai.

Mzee Hasib aliinama kwa shida, akamshika kifundo cha mkono, akausukuma chini ya koti, chini ya tumbo la mbwa, ndani kwenye manyoya.

"Shika hapo," akasema.

Zulfo akashika. Bado palikuwa na joto.