Vipande Kumi na Viwili

Kila siku, kengele ya mapumziko ilipokaribia, mwalimu wa hesabu wa darasa la saba aliweka chaki mezani, akajipangusa vumbi mikononi na kuuliza swali lile lile.

"Mmeelewa?"

"Ndiyo, mwalimu!" darasa zima liliitika kwa sauti moja.

Mwalimu huyo alikuwa mwanamke aliyetoka nchi ya mbali kuja kujitolea. Kiswahili alijifunza kitabuni, kwa hiyo aliongea kama mtu anayesoma barua. Wanafunzi walimpenda, wakampa jina la Mwalimu Pindua, kwa sababu ya kanuni yake ya kugawanya sehemu: "Pindua ya pili, kisha zidisha!" Waliiimba hata wakienda kuteka maji. Kuiimba waliweza. Kuielewa ilikuwa habari nyingine.

Alhamisi ile, baada ya "ndiyo" yao, mwalimu hakutoka. Alisimama akikunja na kukunjua kitambaa cha kufutia ubao.

"Kesho ni siku yangu ya mwisho," alisema. "Muda wangu hapa umefupishwa. Jumamosi nasafiri."

Msichana aliyekaa dawati la mbele, kiranja wa darasa, ambaye hata nyumbani sasa aliitwa Kiranja tu, alifunga daftari kwa kishindo. Mwalimu aliwaahidi kuwafikisha mpaka mtihani wa mwisho. Mtihani ulikuwa bado miezi miwili!

"Anatutupa," alimnong'oneza jirani yake kwa hasira.

Wanafunzi wengine walikubaliana kumpa mwalimu zawadi ya sketi. Mama yake Kiranja, fundi cherehani, alijitolea kuishona. Jioni hiyo alikuwa na wateja wawili mlangoni, akamkabidhi binti yake mkasi na kitambaa cha buluu cha mita tatu.

"Ni sketi ya vipande. Kila kipande kiwe na urefu wa robo tatu ya mita. Kata kitambaa chote. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mama."

Hakuelewa hata kidogo. Alikaa chini akapiga hesabu kwa vidole. Mita tatu, gawanya kwa robo tatu. Pindua, zidisha! Tatu mara nne, kumi na mbili. Alipima, akaona vipande kumi na viwili vinatoka sawasawa, kila kimoja sentimita ishirini na tano, bila kubaki hata uzi. Akafurahi, akakata.

Mama aliporudi ndani, alishika kiuno.

"Hii ni sketi ya mwanasesere?"

"Ni robo tatu, mama. Nimepindua, nikazidisha."

"Umepindua nini? Umeniharibia kitambaa kizima! Mwalimu wako atavaa nini kesho?"

"Kosa ni lake!" Kiranja alifoka, machozi yakimlenga. "Yeye ndiye hakutufundisha vizuri, halafu anaondoka zake!"

Mama aliweka mkasi juu ya cherehani taratibu. Alipokasirika kweli kweli, sauti yake ilishuka.

"Alikuuliza kama umeelewa?"

"Aliuliza."

"Ukamjibu nini?"

Kiranja alitazama sakafu.

"Na mimi leo nilikuuliza. Ukanijibu nini? Kesho asubuhi tunakwenda shuleni pamoja. Hayo maneno ukamwambie mwenyewe, usoni."

Asubuhi walimkuta mwalimu darasani, akiwa anafuta ubao kwa mara ya mwisho. Wanafunzi walikuwa wanapanga viti vya wageni wa sherehe ya kumuaga. Mama alimwaga vile vipande juu ya meza, akarudi nyuma hatua moja, akakunja mikono.

Kiranja alikuwa amepanga kuongea kwa adabu. Lakini mdomo ulipofunguka, yote yalimtoka kwa mkupuo.

"Hatukuelewa, mwalimu! Hesabu za sehemu hatukuzielewa tangu siku ya kwanza!"

Viti viliacha kuburutwa. Mwalimu aligeuka polepole.

"Miezi minane nimeuliza. Kila siku!" Uso wake ulikuwa mwekundu. "Kila siku mmesema ndiyo. Kwa nini mmenidanganya?"

Wote walimtazama Kiranja, na yeye alijua kwa nini. Wiki ya kwanza mwanafunzi mmoja alisema hakuelewa, na mwalimu akarudia somo mara tatu kwa Kiswahili chake cha kitabuni, jasho likimtiririka, mpaka mapumziko yakaisha. Ni Kiranja aliyewaambia wenzake, "Huyu ni mgeni wetu, tusimtie aibu. Akiuliza, semeni ndiyo tukacheze."

"Ni mimi niliyewaambia," alisema. "Nimekosa, mwalimu. Lakini na wewe ulituahidi mpaka mtihani! Ulijua lini kwamba unaondoka?"

Mwalimu aliweka kitambaa cha ubao mezani. "Nimejua tangu mwezi uliopita," alisema. "Niliogopa kuziona nyuso zenu, nikanyamaza. Na mimi nimekosa. Nisameheni."

Hasira ya Kiranja haikuisha, lakini ilipungua kidogo kwa kuwa mwalimu naye alikuwa amekiri kosa lake.

Wakati huo mwalimu mkuu aliingia na karatasi za hotuba mkononi. Mwalimu Pindua alimwomba afute sherehe, ampe darasa lake mpaka saa sita.

"Hotuba yangu ina kurasa nne," mwalimu mkuu alilalamika.

"Nipe mimi, nitaisoma nyumbani," alisema fundi, na mwalimu mkuu akaona heri anyamaze.

Mwalimu alivipanga vipande vya buluu juu ya madawati yaliyounganishwa.

"Kila kipande ni robo ya mita. Mita moja ina robo ngapi?"

"Nne!"

"Mita tatu?"

"Kumi na mbili!"

"Hapo ndipo tulipozidisha kwa nne. Kiranja aliishia hapo. Sasa, sketi inataka robo tatu. Kila kipande cha sketi kitakula robo ngapi kati ya hizi?"

Wanafunzi walisogea, wakabishana, wakavihamisha vipande huku na huku mpaka vikakaa vitatu vitatu. Mafungu yakawa manne.

"Mmeelewa?" mwalimu aliuliza.

"Ndi..." Sauti zilianza, zikakatika zenyewe.

Kiranja aliinua mkono. "Mimi bado, mwalimu. Ile tatu inakwenda chini kwa nini?"

"Na mimi bado," alisema jirani yake. Mikono mingine tisa ikainuka.

Mwalimu alicheka, huku akifuta macho kwa mkono wenye chaki. Akarudia. Akarudia tena. Mara ya nne Kiranja aliruka kutoka kwenye benchi. "Aaa! Kumbe tunagawanya kwa tatu kwa sababu kila fungu lina robo tatu!"

Saa sita fundi alivikusanya vipande, akaviunganisha vitatu vitatu kwa cherehani yake, na alasiri mwalimu akaivaa sketi yenye mistari minane ya mishono ya ziada. Ilikuwa fupi kidogo, kwa kuwa mishono nayo hula kitambaa. Aligoma kuivua.

Getini alimkumbatia Kiranja. "Bado umekasirika?"

"Bado, mwalimu."

"Asante kwa kuniambia ukweli."

Njiani kurudi nyumbani, Kiranja alilia waziwazi, na mama akamwacha alie mpaka atosheke.

"Sikiliza, mwanangu," alisema kisha. "Kusema hujaelewa si aibu, wala si kumkosea mgeni. Ukimdanganya mwalimu kwamba umeelewa, unamnyima nafasi ya kukusaidia, na wewe unabaki na ujinga wako. Miezi minane mlikuwa naye. Mmejifunza naye asubuhi moja. Umeelewa?"

Kiranja alifungua mdomo kuitika kama kawaida, akaufunga.

"Karibu yote, mama. Hapo kwenye miezi minane, naomba urudie."

Mama akarudia.