Damu Safi ya Ukoo

Kofi la kwanza lilimkuta mke akishona, uzi bado mdomoni. La pili lilimwangusha juu ya cherehani. Mtoto wao wa miaka mitatu, asiyetembea wala kusema, alianza kifafa chake sakafuni. Mume, mchomeleaji wa mageti, akamruka mtoto ili amfikie mkewe.

— Umeniletea ugonjwa ndani ya nyumba. Kesho daktari atakuumbua.

Kipimo cha damu cha wote watatu mume alikitaka mwenyewe. Mama yake alishamposea binti wa mjomba wake, damu safi ya ukoo, ila mjomba alitaka ithibitike kwanza kwamba kasoro ni ya mke huyu.

Kesho yake daktari hakuzunguka. Alisema ndani ya kila seli kuna vibebaji vidogo vinavyopeleka malighafi ya kujengea protini, na ipo jeni inayovirekebisha visikosee kazi. Ikiharibika, ubongo ndio unaoumia zaidi.

— Mtoto huugua hivi akirithi nakala mbovu mbili. Moja ya mama, moja ya baba.

— Baba yupi?

— Wewe. Damu yako tumeipima.

Mke akauliza kwa upole, je, mume akioa binti wa mjomba wake?

— Ni ukoo mmoja, huenda naye anabeba nakala mbovu. Apimwe kwanza.

Ngumi ilitua palepale, mbele ya daktari. Walinzi walimburuta mume nje. Mke alitema jino kwenye leso, akatoa simu, akamwandikia yule binti kila kitu.

Jioni mume alivunja mlango kwa nondo.

— Ukimwambia mtu nakuzika.

— Nimeshasema.

Nondo ikapanda. Mke alikuwa akipiga pasi nguo za wateja. Aliikandamiza pasi kwenye mkono ulioshika nondo mpaka ngozi ikanuka. Mume akaanguka akilia kama ndama. Simu ikalia, ujumbe wa yule binti umeingia, mke akamsomea kwa sauti:

"Wifi, pole na asante. Posa nimemrudishia shangazi. Siolewi na mtu anayempiga mama wa mgonjwa. Nakwenda kupimwa."

Mume aliukumbatia mkono wake, sauti imelainika ghafla.

— Mke wangu, sasa nimebaki na wewe tu.

— Umebaki na mama yako. Mwambie akupake dawa.

Akachomoa pasi ukutani, akambeba mtoto mgongoni, akapita juu ya mlango uliolala chini. Kituo cha polisi alikifikia jino lake likiwa bado kwenye leso. Cherehani alikuja kuichukua baadaye, na askari wawili.